Sanduku la Leso: Namna ya Kujua Umri wa Nguo Kongwe



Mwaka jana, siku chache baada ya Idi ndogo, tuliitwa katika nyumba moja ya Kibokoni kugawa mirathi. Marehemu alikuwa mama wa watu, mcha Mungu. Mumewe alikuwa amemtangulia, naye aliacha wana wawili na mabinti watatu, nyumba isiyo na ubishi, na deni dogo ambalo wanawe walilimaliza kabla ya arubaini. Tulidhani kazi yetu itakwisha baina ya alasiri na magharibi. Haikuwa hivyo. Nyumba na fedha hazikutuchelewesha. Kilichotuweka ni sanduku la mti lililojaa leso.

Leso zenyewe zilikuwa 41. Nyingi miongoni mwazo hazikuwa na neno. Mabinti walizigawana kwa kuridhiana, na ndugu zao wa kiume wakasamehe. Mzozo ulikuwa juu ya kisutu kimoja, ile leso nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo haikosi katika vitu vya bibi harusi wa Mombasa. Kilikuwa kimefungiwa ndani ya leso nyingine chakavu, na kuwekwa chini kabisa ya sanduku. Binti mkubwa alisema kwamba mamake alikuwa akiwaambia kuwa mna leso ya nyanya yao sandukuni, naye hakuwa na shaka kwamba ni hicho kisutu, na kwamba ni cha harusi ya nyanya, ambayo kwa hesabu ya familia ilikuwa katika miaka ya 1930.

Neno hilo lilipofika Lamu, wana wa mjomba wao wakaleta ujumbe: kama ni cha nyanya, basi hakikuwa mali ya marehemu peke yake. Nao walikuwa na hoja. Nyanya alifariki mwaka 1971 akiacha mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mume na wazazi wake walikuwa wamekwisha kutangulia. Nyumba yake iligawanywa wakati ule, lakini nguo zake zilibaki sandukuni kwa bintiye aliyekuwa akiishi naye, na hapana aliyeuliza. Kisheria, theluthi mbili za kila kilichokuwa chake ni za mwanawe wa kiume, na baada ya huyo ni za warithi wake walioko Lamu. Nguo ya maiti ni mali kama mali nyingine. Haitoki katika mirathi kwa sababu imechakaa.

Upande wa pili, kijana wa mwisho wa marehemu alikuwa amekwisha kukipiga picha kisutu kile na kumpelekea mnunuzi mmoja wa ng'ambo anayekusanya nguo za Afrika. Jibu likarudi: kama kina miaka 80 au zaidi, atatoa bei ambayo ingelipa karo ya wajukuu wawili kwa mwaka mzima, kama sivyo, hana haja nacho. Basi walioko Lamu walitaka kiwe kikongwe wapate fungu, na walioko Kibokoni walitaka kiwe kikongwe wapate bei. Hapakuwa na hata mmoja aliyetaka kiwe kipya. Hapo tukaona pana hatari, kwa kuwa jambo wanalolitaka watu wote halikosi mashahidi.

Kesho yake asubuhi tulitoka na binti mkubwa, na mwanawe wa kiume auzaye mitumba Kongowea, na furushi lenyewe mkononi. Tulipita Marikiti, tukavuka barabara ya Digo, tukaingia Biashara Street. Hapa ndipo wanawake wa pwani wanaponunua leso tangu zama za nyanya zetu. Leso zimetundikwa milangoni juu hadi chini, na mbele ya maduka wamekaa mafundi na vyerehani vyao, wakizitenganisha leso zilizouzwa jozi na kuzipinda kingo. Tuliingia kwa mzee mmoja muuza leso, ambaye ametuomba tusimtaje jina. Tulipomweleza haja yetu, hakukifungua kisutu. Alisema kwanza: "Maalim, usiniulize leso hii ina miaka mingapi. Niulize ni kitu gani humu ndani kilicho kipya kuliko vyote."

Wasomaji watukufu, kauli hiyo ndiyo msingi wa elimu yote ya kujua umri wa nguo. Nguo haiwezi kuwa kongwe kuliko kitu kipya kabisa kilichofumwa au kuchapwa ndani yake. Ukikuta vitu tisa vya kale na kimoja cha juzi, ni ya juzi. Na kwa kuwa alama moja huweza kudanganya, tunashika kanuni tunayoijua sote katika mambo ya haki: shahidi mmoja hatoshi. Basi tuwatazame mashahidi wa leso mmoja baada ya mmoja.

Kwanza yafaa kuikumbuka asili yake. Neno leso tumelipata kwa Wareno, na kwao maana yake ni kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walivinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakashona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakajitanda. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mtindo huo. Kabla yake watu wengi wa kawaida, na watumwa hasa, walivaa marikani, kitambaa kisichotiwa rangi kilichotoka Marekani, na kaniki, iliyotiwa nili. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na katika pwani yetu mwaka 1907, wanawake waliokombolewa waliziacha nguo hizo wakavaa leso kama waungwana wengine. Kwa hiyo leso ni nguo ya heshima, lakini si nguo ya kale sana. Mtu akikwambia ana leso ya miaka 200, mwombee dua umpite.

Shahidi wa kwanza ni jina, yaani yale maneno yaliyo baina ya mji na pindo. Leso za mwanzo hazikuwa na maneno. Zilikuwa na madoa, na watu husema kwamba ndiyo sababu ya kuitwa kanga, kwa kufanana na manyoya ya ndege huyo. Maneno yalianza kuandikwa mapema katika karne ya 20, na anayetajwa zaidi kwa jambo hilo ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye alama yake ni K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Duka hilo lilianza mwaka 1887 na lingaliko hapo Biashara Street. Majina ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwani ndizo tulizokuwa tukiandikia Kiswahili chetu. Baadaye zikaja za Kirumi. Basi leso isiyo na jina kabisa, au yenye herufi za Kiarabu, inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Tunasema kutazamwa tu, kwa kuwa hata leo mtu huweza kuagiza leso ya herufi za Kiarabu. Na kisutu hakina jina tangu asili, kwa hiyo shahidi huyu kwake ni bubu.

Shahidi wa pili ni ukingo. Pembezoni mwa nguo, nje ya pindo, mara nyingi huchapwa alama ya mwenye mali, na pengine nchi ilikochapwa. Leso zetu zimesafiri sana. Katika karne ya 19 zilichapwa Uholanzi, katika miji ya Helmond na Leiden, na Uingereza na Bara Hindi pia. Baina ya vita viwili vya dunia Wajapani waliingia sokoni kwa nguvu, nao wakarudi baada ya vita. Wazee wengi wangali wakizisifu leso za Japani kwa rangi isiyochuja. Baada ya uhuru serikali zetu zilizuia bidhaa za nje ili viwanda vya nyumbani viinuke: Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Rivatex cha Eldoret kilianza katika miaka ya 1970, kikaanguka, kisha kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Siku hizi nyingi hutoka Bara Hindi, na mji wa Jetpur katika Gujarat una sifa kwa kazi hiyo. Jina la nchi nalo lina tarehe yake: koloni letu liliitwa Kenya tangu 1920, na jina Tanzania halikuwako kabla ya Oktoba 1964. Lakini ukingo usio na neno si ushahidi wa ukongwe, kwani fundi huukata au huupinda ndani. Na namba ndogo iliyo kando ya alama ya mwenye mali msiifanye mwaka. Kwa kawaida ni namba ya mtindo, ya kumsaidia muuzaji katika daftari lake.

Shahidi wa tatu ni uzi. Leso za kale ni pamba tupu. Poliesta haikuingia katika nguo za kawaida ila kuanzia miaka ya 1950, kwa hiyo nguo iliyochanganywa poliesta haiwezi kuwa kabla ya hapo. Namna ya kujua ni kuchomoa uzi mmoja, mmoja tu, kutoka mahali pasipoonekana, na kuuchoma kwa kibiriti. Pamba hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunyata, ikayeyuka, ikaacha chembe ngumu kama shanga. Uchukuliwe uzi wa kitambaa chenyewe. Uzi wa kushonea usipimwe, kwani leso ya mwaka 1940 yaweza kupindwa upya jana, na uzi wa fundi wa jana hautwambii kitu.

Shahidi wa nne ni mwanga. Maduka mengi siku hizi yana ile taa ya urujuani ya kukagua noti bandia. Tangu miaka ya 1940 viwanda vilianza kutia dawa za kuing'arisha nguo nyeupe, na dawa hizo humeremeta rangi ya buluu chini ya taa hiyo. Nguo ya kale isiyotiwa dawa hubaki imefifia. Shahidi huyu ana kasoro kubwa: sabuni za unga tunazofulia nazo zina dawa hiyo hiyo, kwa hiyo leso kongwe iliyofuliwa majuzi nayo humeremeta. Basi kumeremeta hakuthibitishi upya. Kutomeremeta ndiko kunakoongeza nguvu kidogo upande wa ukongwe.

Shahidi wa tano ni mtindo. Leso yenye picha ya tukio haiwezi kulitangulia tukio hilo: ile yenye sura ya Barack Obama na maneno ya hongera, kwa mfano, ni ya uchaguzi wake wa 2008 na baada yake. Lakini mtindo unaopendwa hurudiwa. Kisutu kimechapwa kizazi baada ya kizazi kwa umbo lile lile, na mtu akikikisia umri kwa kukitazama tu atakuwa anapiga ramli.

Shahidi wa sita ni kumbukumbu ya watu, nasi tutarudi kwake.

Hapo kijana wa Kongowea, aliyekuwa amenyamaza kwa adabu, aliomba ruhusa ya kusema. "Shekhe, haya ndiyo yale yale ya majaketi," akasema. Akatueleza kwamba katika mitumba, mara chache, hutokea jaketi la marubani wa jeshi la Marekani, au linalofanana nalo, na wako watu wanaoyatafuta kwa bei kubwa. Lile la ngozi liitwalo A-2 lilikubaliwa na jeshi hilo mwaka 1931, na ndani ya shingo hushonwa lebo yenye aina ya jaketi, namba ya oda na jina la mtengenezaji. Katika majaketi ya nailoni yaliyokuja baadaye, baadhi ya namba za mkataba zina tarakimu mbili zinazoonyesha mwaka. "Lakini mimi siiamini lebo peke yake," akasema. "Watu huifumua kwenye jaketi lililooza wakaishona kwenye jipya. Hutazama zipu, uzi na bitana. Kola ikiwa imechakaa na lebo ikawa mpya, mmoja wao ni mgeni." Mzee muuza leso alimtazama, akamwambia: "Wewe ukichoka na Kongowea, njoo hapa."

Basi kikafunguliwa kisutu. Mzee alikipitisha ukingo baina ya vidole, taratibu, pembe hadi pembe. Alipofika mahali fulani akasita, akamwomba binti ruhusa ya kufumua. Fundi wa nje akafumua mishono minne, ukingo uliopindwa ndani ukakunjuliwa, na hapo zikaonekana herufi za Kirumi zilizofifia, za mwisho wa neno refu zaidi, nasi tukazisoma pamoja: K, E, N, Y, A. Viwanda vya kuchapa leso nchini mwetu ni mambo ya baada ya uhuru. Kisha ukachomwa uzi mmoja wa kitambaa. Ukajikunyata, ukaacha shanga. Mashahidi wawili wamekubaliana, wala hapakuwa na wa tatu wa kuwapinga. Kisutu kilichodhaniwa cha miaka ya 1930 kilikuwa cha baada ya 1963, na pengine baada yake sana.

Binti alinyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Kwani mama alisema uongo?"

Swali hilo lilituuma, kwa kuwa tulimjua mamake. Tulimwambia kwamba kumbukumbu ni kama furushi. Kilichomo huweza kubadilika na jina la furushi likabaki lile lile. Wakati tukisema hayo, mzee muuza leso alikuwa ameishika ile leso chakavu iliyofungia kisutu. Aliitandaza juu ya meza, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akatuita.

Rangi yake ilikuwa imekaribia kwisha, nyekundu imekuwa kama ya matofali. Chini ya mji mlikuwa na mstari wa herufi za Kiarabu. Yule fundi kijana, ambaye amesoma chuoni na Qur'ani anaisoma vizuri, alijaribu akasoma: "Uluniba sikusahau." Akatikisa kichwa, kwani neno la kwanza si neno. Nasi tukacheka, kwa sababu ndivyo tulivyohangaika sisi utotoni. Katika maandishi yetu ya zamani ba ilisimama mahali pa b na mahali pa p, na dhuma moja ilibeba u na o. Msomaji huyatengeneza maneno kwa kukijua Kiswahili. Tukamsomea: "Ulonipa sikusahau."

Uzi wake ulipochomwa uliacha jivu tupu. Chini ya taa ya noti haukumeremeta. Kingo zilikuwa zimekatwa, kwa hiyo hatukuijua nchi ilikochapwa. Hapo ndipo alipohitajika shahidi wa sita. Jirani ya marehemu, mama mwenye umri uliopita miaka 80, alikuwa angali hai na mwenye fahamu zake. Tuliichanganya leso ile na nyingine nne chakavu, tukampelekea bila kumwambia lolote, tukamwuliza kama anaijua yoyote. Yafaa kuuliza hivyo, kwani ukimwonyesha mzee nguo moja ukamwambia, "Je, hii si ya fulani?", atakukubalia kwa adabu. Akazipekua. Akaivuta ile ya herufi. "Hii alikuwa akijitanda mamake, siku za maulidi," akasema, "kabla huyu mwenyewe hajaolewa." Marehemu aliolewa mwaka 1958.

Basi tukasema tulilolijua: leso hii ni ya kabla ya 1958, na maandishi yake yanaielekeza katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Zaidi ya hapo hatukuongeza hata mwaka mmoja.

Lazima tuonye hapa kwamba umri wa nguo si hati ya milki. Leso ya kale huenda mama alimpa bintiye kwa mkono wake, ikawa hiba, na aliyeishika ndiye mwenyewe mpaka lithibitike jingine. Kilichokata shauri ni kauli ya binti mkubwa, aliyekiri mbele ya ndugu zake kwamba mama yao aliitaja kuwa ni leso ya nyanya na hakusema kamwe kuwa ni yake, na ndugu zake wakamsadiki. Ukongwe wa nguo uliisadiki ile kauli tu. Lau wangekataana, mahali pake pangekuwa Mahakama ya Kadhi, na huenda hadi leo wangekuwa kwenye benchi.

Kijana wa mwisho naye alibaki na mzigo wake, kwani yule mnunuzi alikuwa akingoja. Ndugu mmoja alimshauri amwambie tu kwamba "wazee wanasema ni cha nyanya", neno ambalo halikuwa uongo wote. Tulimkumbusha kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni Madina, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta chini imelowa, akamkemea mwenyewe kwa kutoiweka ile iliyolowa juu watu waione. Kijana akatafakari usiku mmoja. Asubuhi akampelekea mnunuzi picha ya ukingo, zile herufi tano, na maelezo ya uzi. Akampelekea pia picha ya leso chakavu, akataja kwamba imekatwa kingo na ina matundu mawili. Mnunuzi alimshukuru, akasema hazihitaji zote mbili. Karo ya wajukuu ikabaki palepale ilipokuwa.

Leso ya nyanya ilithaminiwa na wauzaji wawili wa Biashara Street. Thamani haikuwa kubwa. Theluthi mbili za watu wa Lamu, theluthi moja ya marehemu, na hiyo theluthi mafungu saba baina ya wanawe watano. Kwa kuwa leso haikatwi, walikubaliana iende Lamu, na Lamu wakaleta thamani ya theluthi. Fungu la kila binti lilitosha kahawa na halua. Walicheka walipolipokea, lakini walilipokea, kwani haki ndogo nayo ni haki. Kisutu kimebaki Kibokoni. Binti mkubwa amesema atamtolea bintiye siku yake ikifika, kwani alichonunua mama baada ya uhuru nacho ni cha mama.

Tumeyaandika haya kwa sababu nyumba nyingi zina sanduku kama lile. Ukilifungua, usianze kwa kufua. Usikate kingo, na ukimpelekea fundi mwambie asizikate. Tandaza kila leso kwenye kivuli, soma jina lake, tazama ukingo wake, kisha andika katika kipande cha karatasi: imetoka kwa nani, ilivaliwa siku gani, nani amesema hivyo. Kama ulilolijua ni kidogo, andika hicho kidogo. Zihifadhi ndani ya marikani safi iliyofuliwa, mbali na jua na unyevu.

Na lililo muhimu kuliko yote, waulizeni mama zenu wakiwa hai. Mwenye kutaka kumpa bintiye leso ampe mkononi leo, mbele ya ndugu zake, ili isije ikawa shahidi wa mwisho ni uzi unaochomwa kwa kibiriti. Yule jirani mwema aliyeichagua leso kati ya tano alifariki kabla ya mwaka kwisha, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lau tungechelewa miezi michache, leso ile ingebaki kitambaa cha kufungia kitambaa kingine.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.